Siku Nilipoagiza Pedi Mbili za Kupokezana

Nina aibu moja niliyoibeba tangu mwaka jana, na kwa kuwa hapa Busia ya Uganda kila mtu ameshaisikia kutoka kwa mtu mwingine, tena ikiwa imeongezwa chumvi mpaka hailiki, nimeona bora niieleze mwenyewe nikiwa bado na akili zangu, kabla wajukuu hawajaletewa ile ya sokoni. Mimi ni mzee wa miaka sitini na saba. Nilisoma dini tangu utotoni, pale Tororo, kwa sheikh mmoja aliyetupiga kwa fimbo ya mpera (Mungu amrehemu, fimbo ile ndiyo iliyonifundisha herufi), nikaendesha lori miaka thelathini, na tangu nistaafu nafundisha Qur'ani madrasa kila Jumamosi na Jumapili. Nayasema haya si kwa kujisifu, ila mjue ni mtu wa namna gani aliyesimama mbele ya wazazi, imamu na wageni kutoka Kenya, akatangaza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kwamba anatumia pedi kila siku baada ya swala ya alasiri.

Aibu yenyewe ilianzia kwenye gemu. Mimi hucheza gemu, zile za televisheni, na watu wachache sana walilijua hilo mpaka siku ile. Nilianza nikiwa dereva. Foleni ya malori mpakani wakati huo iliweza kukumeza siku tatu, umekaa ndani ya kabini huna la kufanya isipokuwa kuswali, kutafuna mahindi na kutazama mgongo wa lori lililo mbele yako, basi dereva mwenzangu mmoja akaniuzia kidude cha mkononi chenye vitofali vinavyoanguka, unavipanga, mstari ukijaa vinatoweka. Nilivipanga mpaka nikawa naviona nikifumba macho. Ungeniuliza siku hizo mahali bora pa kuchezea gemu ni wapi, ningekujibu bila kufikiri: kabini ya lori, betri mpya, na Mungu aizuie foleni isisogee mpaka nimalize.

Baadaye nikanunua ile ya kaseti, ya kuchomeka kwenye televisheni, na televisheni yetu ilikuwa ndogo, nyeusi na nyeupe, magari mawili yakishindana hujui lako ni lipi, ndipo nikaanza kuota rangi. Nikapata rangi, nikaota kioo kikubwa. Nikapata kioo kikubwa (wanangu walipoanza kazi walinichangia, wakidhani nataka kutazama taarifa ya habari), nikaota spika, na spika zilipofika nikazifunga pembe zote nne za sebule, nikafungulia mbio za magari mpaka vikombe vikatembea juu ya kabati na jirani akaja kuuliza kama kuna lori limeingia ndani. Nilikuwa na miaka hamsini na kitu. Nilijiona nimefika.

Sikuwa nimefika. Uzee ulipoanza kubisha hodi, zile spika nilizitoa mwenyewe moja moja, kwa sababu zilinizuia kusikia adhana, na kioo kikubwa nikampa mwanangu wa kwanza kwa sababu kilinitia kizunguzungu, nikarudi kwenye kioo cha kadiri ninachokisogelea. Siku hizi ninachokithamini ni kiti. Fundi mmoja wa kule Masinya alinitengenezea kiti cha mbao chenye mikono, nimekiweka pembeni ya dirisha ili jua la alasiri lisinipige usoni, chupa ya chai iko upande wa kulia na choo kiko hatua saba (wazee wenzangu mtanielewa). Sauti iko chini. Magharibi ikikaribia nazima, hata kama nimebakiza kona moja nishinde, kwa sababu gemu sikuumbiwa na kuswali nimeumbiwa. Ukimlinganisha mzee huyu na yule wa spika nne utadhani ni watu wawili, na mimi nashukuru kwa wote wawili.

Ila palikuwa na upungufu, na nilichelewa kuuona. Mke wangu, Mama Hamida, hukaa kwenye mkeka karibu na kiti changu akichambua maharage, na miaka yote nilidhani hatazami. Siku moja nikatumbukia mtaroni kwenye mbio, naye bila kuinua kichwa akasema, "Kona ile kila siku unaiingia kwa haraka."

"Umejuaje?"

"Nakuona ukianguka pale tangu Ramadhani."

Tangu hapo nikawa namuuliza ushauri, naye ananipa, na ushauri wake ni mzuri kuliko wa madereva wengi niliofanya nao kazi. Jioni moja akasema jambo lililonikaa moyoni: kwamba miaka yote niliyoendesha lori hakuwahi hata mara moja kukaa ndani yake, kwa sababu tajiri wangu alikataza abiria, yeye alilisikia tu likipita barabarani na kunijua kwa honi. Hakusema kwa kulalamika, alisema kama mtu anayetaja bei ya nyanya, akaendelea na maharage yake. Nami nikatazama sebule yangu yote, na kiti changu na chai yangu, nikaona kosa. Nilikuwa nimeipanga kwa ajili ya mtu mmoja.

Mnaojua gemu mnajua kwamba kile kishikio chenye vitufe, kile unachoshika kwa mikono miwili kuendesha gari, kinaitwa pedi. Ndivyo mafundi wa hapa wanavyokiita na ndivyo nilivyokijua mimi. Nilikuwa na pedi moja, tena kitufe chake cha breki kilikuwa kimechoka (ndiyo sababu ya kuanguka mtaroni, namwambia Mama Hamida mpaka leo, na mpaka leo hakubali). Nikaamua kununua mbili mpya, moja yangu, moja yake, nimshtukize. Ningeweza kwenda kwa fundi wa simu hapa karibu, lakini pale ndipo vijana wangu wa madrasa wanaposhinda, na mwalimu wao akionekana akichagua vitu vya gemu, Jumamosi asome nao sura gani? Hapo ndipo nilipokata shauri, nikampigia shemeji yangu Zubeda.

Zubeda ni mdogo wa mke wangu, ameolewa upande wa Kenya, na ana duka lenye kila kitu kuanzia sabuni na mafuta ya nywele mpaka chaja, spika ndogo na nepi za watoto. Kumbukeni hilo la kila kitu. Kumbukeni pia kwamba simu ya kuvuka mpaka inakula salio kama moto kwenye makuti, hivyo mtu hazungumzi kwa kirefu.

"Shemeji, hapo dukani unazo pedi?"

Akaniuliza tena kama hakusikia. Nikadhani ni mtandao.

"Pedi, shemeji?"

"Ndiyo, pedi."

"Ninazo. Za nani?"

Hapa ndipo nilipopinda njia. Ningesema "zangu na dada yako", habari ingeishia hapo na nisingekuwa naandika haya. Lakini nikamwona kwa macho ya moyo akiwasimulia wateja kwamba Ustadhi uzeeni anacheza gemu, nikaona haya, nikasema, "Za watoto. Wa pale madrasa."

"Aa. Unataka ngapi?"

"Mbili."

"Pakiti mbili?"

"Pakiti za nini? Mbili tu, moja na moja."

"Watoto ni wangapi, shemeji?"

"Wako kama arobaini."

"Pedi mbili, watoto arobaini."

"Watapokezana," nikamwambia. "Mmoja akimaliza anampa mwenzake. Sisi huku tumezoea hivyo."

"Shemeji, hizo hazipokezani."

"Zinapokezana vizuri tu, mtu anapangusa jasho kwa kitambaa, basi. Na kama mpya ni shida, hata zilizotumika si neno, mradi ziwe bado zinafanya kazi. Tena tafadhali, dada yako asijue."

Nikamsikia akisema "inna lillahi" kwa sauti ya chini, kisha salio likaisha. Nilijiuliza nani amefariki, nikamwombea.

(Mtaniuliza, wewe mzee mwenye mabinti wanne, hukulijua neno hilo kwa maana nyingine? Naapa sikulijua. Nyumbani kwangu mambo hayo yalikuwa ya mama yao, yakipita mbele yangu yamefungwa kwenye gazeti, na kama yalikuwa na jina basi lilisemwa nikiwa msikitini.)

Siku ya nne Zubeda akapiga. Sauti yake ilikuwa laini kama ya mtu anayezungumza na mgonjwa. "Shemeji, nimewaambia wanawake wa chama chetu. Wameguswa sana. Mmoja alilia. Tumekusanya katoni nne, na Jumamosi tutazileta wenyewe pale madrasa, tuwape watoto mkononi."

Katoni nne za pedi. Nikakaa kwenye kiti changu cha Masinya nikahesabu katoni moja inaweza kubeba vishikio vingapi, kichwa kikauma. Wanawake gani hawa wanaolia kwa sababu watoto hawana vitu vya kuchezea gemu? Nikasema, "Shemeji, si lazima ziwe nyingi hivyo."

"Usione haya, shemeji. Ulifanya vizuri kusema. Wanaume wengi wanajificha."

Hilo la kujificha likanichoma, kwa sababu ndilo hasa nililokuwa nikilifanya. Nilipaswa kukiri palepale. Mdomo ulifunguka kabisa, na kilichotoka ni, "Mungu awalipe."

Sasa nikawa na tatizo la pili. Wageni wanakuja kwenye nyumba ya elimu na katoni nne za vitu vya gemu, kwa jina langu, na imamu hajui. Imamu wetu, Sheikh Twaha, ni kijana niliyemfundisha mwenyewe alifu na be, lakini sasa ana elimu kuliko mimi na ni mtu wa msimamo. Nikamfuata baada ya adhuhuri, njiani nikijipangia hoja kwamba mchezo usiopita mipaka hauna ubaya.

"Sheikh," nikamwambia, "Jumamosi tuna wageni kutoka ng'ambo. Wanawaletea watoto pedi."

Akaniangalia, kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Ustadhi, umefanya jambo kubwa. Mimi nimekuwa nikilifikiria hili muda mrefu, naona aibu kulisema mimbarini."

Sikutegemea. Hoja zangu zote zikabaki mkononi kama mzigo usio na mnunuzi. "Kwa hiyo huoni tatizo?"

"Tatizo lipi? Ni maumbile."

Nikaona elimu yake kweli ni pana. Nikapata ujasiri, nikauliza, "Na wavulana nao watapata? Si vizuri kubagua."

Sheikh Twaha akafikiri. Alifikiri muda ambao mtu anaweza kuchukua udhu. "Wavulana, Ustadhi, labda tuwaelimishe tu."

"Wengine wanazijua kuliko mimi," nikasema, nikacheka peke yangu. Yeye hakucheka. Aliniomba niseme maneno machache siku yenyewe, kwa kuwa jambo ni langu.

Jumamosi ikafika. Tulitandika mikeka kwenye baraza ya madrasa, mabinti mbele, akina mama nyuma yao, wavulana waliambiwa wakacheze mpira (nikaona dhuluma, nikanyamaza), na wazee watatu tukapewa viti. Zubeda akaingia na wanawake watano, katoni zao zimefunikwa kwa leso, wakanisalimia kwa kuinama kuliko kawaida. Mama Hamida alikuwepo pia, kwa sababu sikufikiria namna ya kumwambia asije, na alipomwona mdogo wake akashangaa, lakini wageni walikuwa wameshaketi na hawakupata nafasi ya kuzungumza.

Nikasimama. Mungu ananijua, nilikuwa nimejiandaa. Niliwaona akina mama wameinamisha macho, mabinti wamejifunika nyuso kwa mitandio, nikafikiri: watu hawa wanaona haya kwa ajili ya kitu halali, na mimi mwalimu wao ndiye nimewafundisha haya hiyo kwa kujificha. Nikaamua kuanza na mimi mwenyewe.

"Msione haya," nikasema. "Pedi si kitu cha kuonea haya. Mimi mwenyewe natumia."

Vichwa vikazidi kuinama, nikadhani ni kwa heshima.

"Kila siku baada ya alasiri, nikiwa nimekaa kwenye kiti changu. Zamani nilikuwa naficha. Nimetumia tangu nikiwa dereva, kwenye foleni, humo humo ndani ya kabini, na uzee huu nimeona siwezi tena kukaa bila. Zinanipumzisha. Ila jambo moja nawausia, adhana ikilia, iweke kando ukaswali."

Haji Kassim, mzee mwenzangu aliyekaa kiti cha pili, akanivuta kanzu. "Ustadhi," akaninong'oneza, "kumbe unaumwa na hukutuambia."

"Siumwi."

"Hata ndugu yangu alikuwa hivyo, mkojo haukai. Kuna dawa."

Sikuelewa mkojo umeingiaje, na kabla sijauliza, mama mmoja nyuma akasema, "Allah akupe shifaa, Ustadhi," na wengine wakaitikia amina, nami kwa mazoea nikaitikia amina pia. Nikamtazama mke wangu. Alikuwa ameujaza mtandio mdomoni, mabega yanacheza, na machozi yanamtoka. Yeye peke yake kati ya watu wote wale alikuwa amenisikia mara mia nikisema "pedi hii imekufa" huku nimekaa mbele ya televisheni.

Nikaketi. Zubeda akasimama, akashukuru, akaeleza. Akasema jinsi nilivyompigia kwa uchungu, jinsi nilivyoomba mbili tu, na kwamba mabinti arobaini wa madrasa hii wamekuwa wakipokezana, mmoja akimaliza anapangusa anampa mwenzake, na nilivyofikia kuomba hata zilizotumika. Alipofika hapo akaondoa leso na kufungua katoni.

Nikaona pakiti. Rangi ya waridi, na picha ya msichana anayeruka. Havikuwa vishikio. Hapakuwa na kitufe hata kimoja. Maneno yangu yote tangu siku ya simu yakanirudia kwa mpangilio, moja baada ya jingine, kama malori yanayotoka kizuizini: watapokezana, zilizotumika, na wavulana je, mimi mwenyewe natumia.

Nawaambia ukweli wa moyo wangu, nilitaka kunyamaza. Mungu alikuwa ameniwekea mlango wa kutokea, watu walinidhani mgonjwa, na mgonjwa haulizwi maswali. Ningekubali dawa ya Haji Kassim, mabinti wangepata pedi zao, na ningezikwa na siri yangu. Lakini Mama Zaina akasimama. Huyu ni mjane wa kutoka Sikuda, analima vibarua, binti yake ndiye hodari kuliko wote katika darasa langu, na hajawahi kumleta na nguo isiyofuliwa.

"Mimi naomba kuuliza," akasema. "Nani ameona mtoto yangu akiomba ya mwenzake? Mimi ni masikini, ndiyo. Lakini mtoto yangu hakosangi. Kama pesa hakuna, nalala njaa, yeye anapata. Sasa leo mnaambia watu ya Kenya mtoto yangu anavaa ya mwingine."

Hakupaza sauti. Akina mama wengine wakaanza kunung'unika, mmoja akamwambia binti yake ainuke waende, na Zaina, mtoto wa miaka kumi na mitatu, alikuwa ameficha uso wote magotini. Sheikh Twaha akageuka kunitazama mimi, na wageni wakamtazama Zubeda, na Zubeda alikuwa na uso wa mtu aliyekuja na sadaka akaambiwa ametukana. Heshima ya yule mama ilikuwa imelala pale mkekani na mimi ndiye niliyeiangusha, na hapakuwa na mtu mwingine wa kuiokota.

Nikasimama tena.

"Mama Zaina hajakosea," nikasema. "Hakuna mtoto hapa anayepokezana kitu. Shemeji yangu naye hajakosea, alirudia nilichomwambia. Pedi nilizoagiza si hizi. Ni zile za gemu, za kushika mkononi. Na hazikuwa za watoto. Zilikuwa zangu. Niliona haya kusema ni zangu, nikasema za watoto."

Watu wakanitazama kama ninaongea Kichina. Haji Kassim akauliza, "Gemu ya nini?"

"Ya magari, Haji. Kwenye televisheni."

"Wewe?"

"Mimi. Baada ya alasiri. Ile niliyosema natumia ni hiyo."

Haji akafikiri. "Kwa hiyo mkojo unakaa."

"Unakaa, alhamdulillahi."

Hapo mke wangu akashindwa. Mtandio ukamtoka mdomoni na kicheko kikatoka nacho, akafuata Zubeda, akafuata Mama Zaina mwenyewe, aliyejaribu kubaki na hasira yake kwa heshima kama dakika moja hivi kisha akaketi chini akijipigapiga paja. Mabinti walicheka mpaka mitandio ikaanguka. Sheikh Twaha alijizuia, yeye ni imamu, lakini nilimwona amegeukia ukuta akisoma kalenda ya mwaka uliopita kwa makini sana. "Na wavulana je," nikamsikia akijisemea, na mgongo ukaanza kutikisika.

Nilimwomba Mama Zaina radhi mbele ya wote. Akasema, "Ustadhi, mimi nimesamehe. Lakini siku nyingine sema gemu." Wageni wakauliza kwa unyonge kama wazirudishe katoni zao, ndipo Mwalimu Rehema, anayewafundisha mabinti kusoma na kuandika, akanyanyua mkono na kusema kwamba kupokezana hakupo, kweli, lakini kukosa madrasa kila mwezi kupo, na wanaokosa anawajua kwa majina ingawa hatawataja. Akina mama wakatazamana. Mama Zaina akasema, "Sasa hiyo ni maneno ya kweli," akawa wa kwanza kusaidia kuzipanga pakiti, na zikaingia kwenye kabati la Mwalimu Rehema, binti anayehitaji aombe bila kuulizwa. Sheikh Twaha akahitimisha kwa dua, kisha akanitangaza kuwa mpokeaji wa mizigo hiyo kutoka mpakani kila inapokuja, kwa sababu, alisema, Ustadhi hana haya tena ya kupoteza. Wavulana wa mpira walikuwa wameshasikia kila kitu kupitia dirishani. Mpaka leo naitwa Mzee Pedi, na wanaoniita hivyo kwa siri wananiita kwa sauti kubwa.

Tulirudi nyumbani kwa miguu mimi na Mama Hamida. Alikuwa bado anapangusa macho. Tulipovuka barabara akaniuliza, "Uliagiza mbili. Wewe una mikono miwili tu. Ya pili ya nani?"

"Yako."

Alijifunga upya mtandio wake, tukaendelea mpaka tukaona paa la nyumba yetu. Kisha akasema, "Mimi sitaki lori. Nipe gari dogo."

Zubeda alizileta wiki iliyofuata, pedi za kweli za gemu, akazikabidhi kwa mikono yake huku amekaza uso asicheke. Kile kiti changu cha mikono nimekisogeza ukutani, tumeweka benchi, kwa sababu watu wawili hawaenei kwenye kiti kimoja na mke wangu hakubali kuendesha akiwa ameketi chini. Anaendesha polepole, anasimama mahali ambapo hata gemu haikuamuru kusimama, na ananishinda, kwa kuwa mimi naishia mtaroni na pedi ni mpya, sina tena wa kumsingizia.

Basi nimejiwekea nadhiri, na nawausia wazee wenzangu mnaopenda vitu ambavyo watu hawawategemei kuvipenda. Ukikitaka kitu, kitake kwa jina lako, hata kama muuzaji atacheka, atacheka dakika moja atachoka. Watoto wa watu usiwafanye pazia. Wana mahitaji yao ya kweli, tena makubwa kuliko yetu, na siku pazia litakapofunguka, atakayeonekana uchi mbele za watu si wewe peke yako, ni mama wa mtu aliyelala njaa ili binti yake asikose.